Mchezaji wa Saba

"Umesimama kama nguzo ya umeme!" Paskazia alifoka. "Mpira unapita puani kwako, wewe unatazama tu!"

"Mmenirushia mara ngapi?" Kemilembe akamjibu. "Na mkirusha mnapiga kelele kwa Kisukuma. Mimi nijuaje?"

"Miezi mitatu uko Mkolani, hujajifunza?"

"Nani alinifundisha?"

Yalikuwa mapumziko ya mchezo wa netiboli, na wasichana wa Misungwi walikuwa wanaongoza kwa mabao tisa kwa manne. Atakayeshindwa leo ameaga mashindano. Paskazia, nahodha, alikuwa darasa la saba. Mwaka mwingine wa kujaribu hakuwa nao. Tena alicheza senta, na senta hata awe hodari namna gani haruhusiwi kufunga. Mfungaji wao mrefu kuliko wote alikuwa huyo Kemilembe, aliyehamia shuleni kwao Mkolani kutoka Bukoba na baba yake, muuguzi.

Mwalimu Teodora alikuwa anagawa machungwa, kila mmoja kipande. Aliyasikia yote.

"Kisukuma cha nini uwanjani?" aliuliza.

"Ni siri yetu, Mwalimu," alisema Rose, mfungaji wa pili. "Ili wapinzani wasijue mpira unaenda wapi. Tulipocheza na wale wa mjini hawakuambulia kitu."

"Na hawa wa Misungwi ni Wachina?"

Upande wa pili, beki mmoja wa Misungwi alikuwa anamwigiza Paskazia kwa Kisukuma kizuri kuliko cha mwenyewe, na wenzake wameshika mbavu kwa kucheka.

"Uwanjani mko kumi na wanne," Mwalimu Teodora alisema. "Siri yenu wanaijua kumi na watatu. Asiyeijua ni mfungaji wenu. Mliipangia wapi?"

"Nyumbani kwetu," Paskazia alijibu kwa sauti ndogo.

Kila Ijumaa baada ya mazoezi timu ilikwenda kwao kula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa karanga. Ndipo walipopanga kila kitu.

"Kemilembe alikuwepo?"

Paskazia alizitazama raba zake za mitumba. Hakuwahi kumwalika. Alidhani Mhaya aliyezoea ndizi atavicheka viazi vyao.

"Huwa nawaona mkipita mbele ya nyumba yetu," Kemilembe alisema. "Nilikuwa nangoja mniite."

"Sikilizeni, refa anatazama saa," alisema Mwalimu Teodora. "Fulana za rangi moja hazifanyi timu. Timu ni kumjua mwenzako, na huwezi kumjua mtu usiyekaa naye wala kula naye. Hamkufungwa leo. Mlifungwa Ijumaa, mlipompita mwenzenu mlangoni. Nahodha, fanya kazi yako."

Paskazia alitema mbegu ya chungwa.

"Kisukuma basi. Kuanzia sasa tunaitana majina. Kemilembe, jina lako refu, mpira utafika kabla sijalimaliza. Nyumbani wanakuitaje?"

"Kemi."

"Unaupenda mpira wa kifuani au wa juu?"

"Wa juu. Juu kabisa, asipofika mtu."

Miezi mitatu, na Paskazia hakuwa amewahi kumwuliza.

"Nisamehe," alisema. "Ijumaa unakuja kwetu kula matobolwa."

"Yana ladha gani?"

"Utajua Ijumaa. Ukiyacheka, unaosha vyombo."

Kemilembe akacheka hapo hapo, na Rose akamwambia vyombo tayari ni vyake.

Kipenga kililia. Mpira ulianza kwao. Pasi mbili, ukamrudia Paskazia karibu na goli. Rose alikuwa amebanwa. Beki wa Misungwi alitega sikio, tayari kuruka.

"Kemi!"

Paskazia aliurusha juu, juu kabisa. Beki alisikia, alielewa, na akaruka pia. Lakini kusikia hakukumwongezea urefu. Mikono ya Kemilembe iliudaka, akageuka, akautumbukiza kwenye pete.

"Tano!" alipaza sauti Mwalimu Teodora. "Rudieni hivyo hivyo!"