Nilimfungia Mwanangu Begi la Ufukweni

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Rinkeby, nje kidogo ya Stockholm, peke yangu. Mwaka juzi tu nilikuwa na mume na binti! Wasomaji wenzangu, nisikilizeni, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mume wangu Musa ni Mganda. Alikimbilia Tanga wakati kwao hakukaliki, tukapendana, tukaoana, kisha tukahamia Sweden. Mungu akatujalia Zuhura, mtoto mwenye maneno mengi, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi huku anacheka.

Kwao kulipotulia, Musa akaniambia dada yake Hajara anakuja kututembelea. Nilifurahi mno! Nilikuwa nimechoka kuishi bila wifi, hata wa kugombana naye tu. Nikampikia, nikamnunulia koti, nikamlaza chumba kimoja na Zuhura.

Niliuliza wamezaliwa tumbo moja au la? Sikuuliza. Kwetu nani humwuliza mumewe swali kama hilo? Akisema ni dada yangu, basi ni wifi yako, mkaribishe. Walipozungumza Kiganda jikoni wakacheka, nami nilicheka nao, ingawa sikuelewa hata neno moja. Zuzu mimi!

Tena Musa alinieleza kwamba kwa Waganda shangazi, wanamwita ssenga, ndiye mwenye kumfunda mtoto wa kike. Basi kila Hajara alipomwogesha Zuhura, kumsuka, kumlisha kwa mkono wake, mimi niliona fahari. Nilisema moyoni, mwanangu hatakuwa mtoto wa ugenini asiye na ukoo...

Ikafika likizo ya Julai. Nauli ya kwenda nyumbani hatukuwa nayo, kwa hiyo tukaamua wiki nzima tumpeleke Zuhura kwenye uwanja wa mabembea mjini. Mungu wangu, mtoto yule alivyofurahi! Alipanda farasi wa kuzunguka mpaka akatapika, akataka apande tena. Musa alimbeba mabegani. Mimi nilikuwa nimeanza kuhisi mume wangu amepoa kwangu, lakini wiki ile nilijiambia nyumba yangu imepona.

Katikati ya wiki Zuhura akadai ufuko. Anataka mchanga, anataka kuogelea. Nikapendekeza Alhamisi tupumzike mabembea, twende Hässelby, kwenye ufuko wa ziwa. Ajabu, Musa alikubali kabla sijamaliza kusema. Musa huyohuyo aliyekuwa akisema maji ya Sweden yameumbwa kwa ajili ya samaki na Waswidi! Kwa nini sikushtuka?

Tukapanga mezani sote watatu. Mimi Alhamisi nilikuwa na zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya usafi. Musa akasema wao watatangulia na chakula wawahi kivuli, nami nikitoka kazini nipande treni niwafuate. Nilisita kidogo. Nilitaka Zuhura aingie majini nami nikiwepo. Hajara akanishika bega, akasema, "Mulamu, wifi yangu, wacha mtoto akuje na mimi. Mimi si ssenga yake?" Ningemkatalia vipi shangazi mtu?

Nikapika pilau, nikakaanga sambusa. Hajara akanishauri niongeze sweta na nguo za kubadili, eti upepo wa ziwani hauaminiki. Nikaongeza. Akasema na mwanasesere wake, asije akalia. Nikamtia. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilimfungia mwanangu begi la safari!

Asubuhi nilipokuwa navaa viatu, Zuhura alinikimbilia akanikumbatia miguu. "Kom snart, mamma!" Njoo upesi, mama. Nikamwambia nitafika kabla sambusa hazijapoa.

Nilifika Hässelby mchana. Ufuko ulijaa Waswidi wanaoota jua. Nilitembea toka mwanzo hadi mwisho, nikarudi, nikaita jina la mwanangu mpaka watu wakaanza kuniangalia. Kwanza niliogopa maji... Kisha nikajipa moyo, labda Zuhura amewalilia wampeleke tena mabembea. Nikapanda treni kuvuka mji, nikasimama pale kwenye farasi wa kuzunguka. Kila mtoto aliyepita juu ya farasi nilimtazama usoni. Sikumwona wangu.

Niliporudi nyumbani, kabati la Musa lilikuwa tupu. Sufuria ya pilau ilikuwa jikoni, hawakuigusa.

Nilikimbilia polisi. Niliambiwa wamekwisha kuruka kwa ndege kwenda Uganda, na kwamba baba ana haki ya kusafiri na mwanawe. Zuhura alikuwa ameandikwa kwenye pasi ya baba yake. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mzee mmoja Mganda wa Spånga, aliyekuwa akija kula kwangu kila Idi, ndiye aliyenieleza. Hajara si dada wa Musa. Ni mke wake wa kwanza, aliyemwacha alipokimbia, na hakuzaa. Nikamwuliza, mzee, ulijua na ukala pilau yangu? Akainamisha kichwa, akasema mambo ya nyumba ya watu hayaingiliwi. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi yote niliyaona kwa Musa mmoja!

Nimeandika barua, nimepiga simu, nimeomba kwa kila ofisi. Mwezi uliopita nikapata namba ya jirani yao, na kwa bahati akapokea mtoto. Ilikuwa sauti ya Zuhura! Nikamwita kwa Kiswahili, akanyamaza. Nikamwita kwa Kiswidi, akanyamaza. Kisha nikamsikia akiita kwa Kiganda, na neno moja tu nililitambua... mama. Akaja mwanamke, akasikiliza pumzi yangu, akakata simu.

Dada zangu mlio ugenini, ulizeni! Kuuliza si ujinga wala si utovu wa adabu. Mgeni akija na jina la undugu, mkaribisheni, mpeni chakula, lakini ulizeni yeye ni nani, kwa nani, tangu lini. Msione haya kama nilivyoona mimi. Na nyinyi mnaojua na kunyamaza, mnaogopa kuingilia nini?

Msiniombee subira, subira ninayo. Niombeeni Zuhura asikue akiambiwa kwamba mama yake alimtupa.