Suruali Nyembamba ya Festus

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mama Léocadie alifungua duka lake la kushona pale Yeoville akakuta koti la bwana harusi linaning'inia peke yake. Suruali yake nyembamba haipo. Kufuli zima. Na harusi ya Festus ni kesho!

Jacques, msimamizi wa jengo, hata hakuchungulia ndani. Alimkaba kola Luqman, mlinzi wa mlangoni.

"Tsotsi huyu, mwizi! Hata suruali aliyovaa imemshika mguu kama soksi. Ikifika saa sita, kazi hana."

"Mwachie shingo, Jacques," akasema Mama Léocadie. "Huyo si mbuzi. Ana watoto watatu."

Akaangalia dukani taratibu. Mwizi wa kuuza angeliacha koti la sufu? Akainamisha kapu la mabaki. Vipande vyote vya kitambaa cha kijivu cha suti hiyo vimekwenda.

"Luqman, daftari linasemaje?"

"Tangu jana jioni hakuna aliyeandikwa, Mama."

"Sikuuliza aliyeandikwa. Aliyeingia."

Luqman akatazama viatu vyake. "Mtu mzima, Mama, nitamwambiaje asaini kama mtoto wa shule? Namwamkia, anapita. Papa Marcellin, leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Si ana ufunguo wake?"

Papa Marcellin alikuwa fundi wa meza ya pili. Arlène, bibi harusi, ni bintiye.

Wote watatu walimkuta kwake, mtaa wa nyuma, cherehani inanguruma. Suruali imefumuliwa ubavuni, imetiwa vipande vya kijivu, kila mguu mpana kama gunia la mkaa.

"Papa, nini hii?" akauliza Mama Léocadie.

"Nilipofika mji huu nililala hosteli ya vibarua, Jeppestown. Wazee wa hosteli waliniambia zamani tsotsi, mhuni wa mjini, alijulikana kwa suruali ya kubana. Wengine wakasema jina lenyewe limetoka kwenye mtindo huo. Nimkabidhi Arlène kwa mtu wa hivyo, mbele ya kanisa zima?"

"Festus ni mtu wa benki, Papa!"

"Basi avae kama mtu wa benki."

Jacques akaangua kicheko. Mama Léocadie hakucheka.

"Luqman alikuheshimu. Na jina uliloogopa limpate mkweo, umemvisha yeye."

Mzee akasimamisha cherehani. Akasimama mbele ya mlinzi, kofia mkononi.

"Mwanangu, nisamehe. Jacques, mwizi ni mimi."

"Eish, Papa..." Jacques akajikuna kisogo. "Luqman, kazi yako ipo."

"Na samahani je?" akauliza Mama Léocadie.

"Na samahani."