Msitu Uliohifadhiwa

Taa ya kijani ilipowaka juu ya kiti cha Spika, Naibu Waziri wa Maji aliuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa. Alikusudia kusema kwamba Serikali inaendelea kuangalia uwezekano wa kuchimba visima katika kata ya Mwandu. Uchovu ukamponza, akasema tu, "Visima vitachimbwa." Basi. Ubao mkubwa ukutani ukaandika amri, na kilomita mia nne kutoka pale mitambo mitatu ya kuchimba ikajiwasha yenyewe gereji na kushika njia ya Mwandu. Wabunge wakapiga meza kwa furaha. Naibu Waziri akakaa chini akijifuta jasho, maana visima vile havikuwamo katika mpango wa mtu yeyote.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mtimizi. Ulikuwa mtambo, lakini watu wa jiji la Nyikani walimsema kama mtu, kwa sababu alisikiliza kuliko watu wengi. Alifungwa Bungeni baada ya wananchi kuchoshwa na ahadi. Waziri akisema litafanyika, linafanyika saa ileile. Sheria ikisema jambo liwe, Mtimizi analisoma, analipeleka kwa mashine zinazohusika, na halali mpaka liwe. Yeye aliiamrisha Serikali tu. Mbunge na raia hakuwagusa. Wala hakuuliza mtu alimaanisha nini. Alifuata neno.

Mawaziri nao walijifunza upesi. Wakawa mafundi wa kusema bila kusema. Kila jambo likawa na mchakato, kila mchakato ukawa na hatua, na kila hatua ikategemea hali itakavyoruhusu. Mtimizi alisikiliza maneno hayo kwa saa nzima na taa yake haikuwaka hata mara moja.

Namkunda Kiondo, Mbunge wa Mbaru, hakupiga meza kwa ajili ya visima. Alikuwa akitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Alfajiri ile shangazi yake, Nanzia, alikuwa amempigia simu kutoka milimani, sauti ikitetemeka kwa hasira.

"Mashine za kufyeka zimefika, Namkunda. Nimezihesabu, ziko arobaini. Zimejipanga pale kwenye njia ya msituni, hazina dereva, hazina wa kutukana. Kijana mmoja wa kijijini ameisoma karatasi iliyobandikwa. Inasema saa sita mchana."

"Nitalisemea Bungeni, shangazi."

"Sema kwa nguvu. Kitovu chako kiko mle."

Na kweli kilikuwa mle. Msitu wa Mbaru haukuwa mkubwa; mtu mzima aliuzunguka kwa asubuhi moja. Lakini kila mtoto wa kike wa ukoo ule alizikiwa kitovu chake chini ya mti wake, na katikati kulikuwa na chemchemi ambayo haikuwahi kukauka. Shangazi Nanzia ndiye aliyekuwa mwenye kibuyu, yaani mwanamke aliyepewa kazi ya kuchota maji ya kwanza kila mwaka kwa niaba ya wote. Kibuyu kile hurithiwa na binti wa kaka, naye hukabidhiwa palepale kwenye chemchemi, hakuna mahali pengine. Binti huyo alikuwa Namkunda.

"Wizara ya Utamaduni, Urithi na Mazingira," Spika akaita. "Mheshimiwa Kiondo, uliza swali lako."

Akalisoma lilivyoandikwa. Je, Serikali ina mpango gani wa kuunusuru Msitu wa Mbaru?

Waziri Gaudensi Ludenga akainuka. Alikuwa mtu mrefu, suti yake imenyooshwa mpaka inaumiza macho, na tabia yake ya kutabasamu upande mmoja wa mdomo ilikuwa imemkera Namkunda tangu siku ya kwanza walipokutana.

"Mheshimiwa Spika, napenda kulijulisha Bunge lako tukufu kwamba Msitu wa Mbaru umehifadhiwa kwa asilimia mia moja. Nashukuru."

Akakaa. Taa haikuwaka. Jambo lililokwisha kufanyika halina cha kutimizwa.

Namkunda alikuwa ameshasimama. Kanuni zilimruhusu maswali mawili ya nyongeza, si zaidi.

"Mheshimiwa Spika, kama umehifadhiwa, Waziri aniambie: mashine arobaini za kufyeka zinafanya nini mlangoni pake? Zimekwenda kuupigia makofi?"

Upande mmoja wa ukumbi ukacheka, upande mwingine ukaguna. Ludenga akarudi kwenye kipaza sauti bila haraka.

"Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Mbunge ni mzoefu, nashangaa haelewi. Vindege-macho vya Wizara vimeuzunguka msitu ule kwa siku tisa. Vimechukua kila jani, kila mdudu, kila harufu. Yote yamewekwa katika nakala-nuru, na nakala-nuru iko salama katika hazina yetu. Leo mwananchi anaingia chumbani hapa Nyikani, anautembea Msitu wa Mbaru wote, na hang'atwi na siafu. Sheria inasema kila msitu wa jadi utahifadhiwa. Mtimizi ameusoma msitu, ameuhifadhi, akaandika kazi imekwisha. Ardhi iliyobaki ni ardhi kama ardhi nyingine, na Taifa linaihitaji kwa shamba la vioo vya jua."

"Ardhi iliyobaki!" Namkunda alipiga kelele akiwa amekaa. "Nakala yako ina maji?"

"Ina sauti ya maji," Ludenga akajibu.

"Basi kunywa sauti!"

"Mheshimiwa Kiondo!" Spika akagonga rungu lake. "Hujapewa nafasi. Kaa ulivyokaa."

"Kama anataka maji, aende akaoge!" mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma, na kicheko kikaenea. Namkunda alihisi masikio yakimchoma. Alimchukia Ludenga wakati ule kwa chuki safi, isiyo na siasa ndani yake.

Lakini Waziri alikuwa hajamaliza. "Mheshimiwa Spika, kwa ridhaa yako. Mheshimiwa Mbunge anasema kana kwamba neno hili la kuhifadhi Serikali imeliokota barabarani. Naomba Bunge lisikilize kumbukumbu yake lenyewe, ya miaka kumi na moja iliyopita, siku muswada wa misitu ya jadi ulipopitishwa."

Ukumbi ukatulia. Kutoka kwenye spika za ukutani ikatoka sauti ya mwanamke kijana, mchangamfu, anayejua kwamba anasikilizwa.

"Mheshimiwa Spika, kifungu cha nne kinasema kila msitu wa jadi utaachwa. Jamani! Utaachwa? Anayeachwa ni mwanamke, anarudi kwao na sanduku lake. Msitu hauachwi, msitu unahifadhiwa. Napendekeza neno kuachwa lifutwe, liwekwe kuhifadhiwa, tuandike sheria kama watu waliosoma."

Kikafuata kicheko cha Bunge la zamani, na meza zikipigwa.

Kicheko cha Bunge la sasa kikakijibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe; Namkunda hakuinua uso. Aliikumbuka siku ile vizuri mno. Aliyelileta neno kuachwa mbele ya kamati alikuwa shangazi yake mwenyewe, amevaa kanga na viatu vya kuazima, akaulizwa watu wa Mbaru wanautunzaje msitu wao. Akasema, "Sisi hatuufanyi kitu. Tunauacha." Mwandishi wa sheria akaandika hivyohivyo. Na Namkunda, mbunge mpya mwenye shahada mbili, akaona aibu. Akaona shangazi amewafanya waonekane washamba. Akasimama kulisahihisha, na akapigiwa meza, akaenda nyumbani amefurahi.

Kumbe Mtimizi alikuja baadaye, akaifungua sheria, akalikuta neno lake. Kuhifadhi. Kama mtu anavyohifadhi barua katika kompyuta, halafu akaichana ya karatasi.

"Mheshimiwa Kiondo, swali lako la pili la nyongeza," Spika akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma. "La mwisho."

Alisimama. Swali aliloliandaa lilikuwa lile la kumtaka Waziri asimamishe kazi, na sasa aliliona lilivyo la kijinga: Ludenga angeliingiza katika mchakato, saa nne na nusu kipindi cha maswali kingekwisha, na saa sita ingefika. Alihitaji sentensi moja kutoka kinywani mwa mtu yule, sentensi yenye taa.

Ndipo akalikumbuka swali ambalo wabunge wote huliuliza, lile la adabu, ambalo hakuna mtu anayelisikiliza tena. Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami? Na kila waziri hujibu yuko tayari, hata kabla swali halijaisha. Mtimizi hulitimiza, lakini safari haijawahi kumuumiza waziri yeyote: huenda, hupigwa picha amevaa buti, hurudi.

Akalegeza sauti. Akaifanya iwe ya mtu aliyeshindwa, na haikuwa kazi ngumu.

"Mheshimiwa Spika, nimesikia. Maneno ni yangu, siyakani." Safari hii alichagua kila neno kama mtu anayechambua mchele. "Nina ombi dogo. Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana nami mpaka kwenye chemchemi ya Mbaru, akanyage majani makavu ya msitu ule kwa miguu yake, akae kwenye kivuli cha miti yake, anywe maji yake kwa kiganja chake?"

Ludenga hakusimama hata vizuri. Alikuwa akimnong'oneza jirani yake jambo la kuchekesha.

"Niko tayari, Mheshimiwa Spika."

Taa ikawaka.

Ludenga aliuona mwanga wake mezani kwanza, kabla hajainua kichwa. Tabasamu likamtoka. Kwenye ubao maandishi yalikuwa yakijipanga polepole, mstari kwa mstari: *Kufyekwa kwa Msitu wa Mbaru kumesimamishwa, hadi Waziri atakapoongozana na Mbunge wa Mbaru na kunywa maji ya chemchemi iliyo kivulini.*

Msitu ukifyekwa, kivuli alichoahidi Waziri kingekosekana. Kisha viti vya nyuma, vilevile vilivyomzomea, vikaanza kupiga meza, na Namkunda akakaa chini kabla watu hawajaona machozi.

Kipindi cha maswali kilipokwisha alimkuta Ludenga ukumbi wa nje, peke yake, ameegemea nguzo. Alikuwa ametabasamu tena.

"Hongera, dada," akasema. "Umenipiga chenga nzuri. Gari ya Wizara iko nje, na ndege inatungoja. Twende tukanywe maji."

"Leo sina nafasi."

"Kesho, basi. Kesho kutwa." Akasogea karibu. "Umeusoma ubao vizuri? Kuna neno hadi. Siku mimi na wewe tukisimama pale na mimi nikalowesha midomo, Mtimizi ataandika kazi imekwisha, na zile mashine zitajiwasha. Haziondoki pale, ujue. Zimezimwa tu."

Namkunda alikuwa ameusoma. Alikuwa ameliona neno lile wakati meza zikipigwa, akajitia halioni.

"Mtimizi hawezi kunilazimisha," akasema.

"Hawezi. Lakini ananilazimisha mimi niwe tayari, na mimi nitakuwa tayari. Nitaweka mtu chini ya mlima. Siku utakayokanyaga mle, kwa tambiko au kwa msiba, mimi nitakuwa nyuma yako. Nimekwishasema Bungeni kwamba nitaongozana nawe, Mheshimiwa, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi."

"Una roho mbaya, Ludenga."

"Nina shamba la vioo la kujenga," akasema, akaenda zake.

Simu ililia saa sita na dakika tano. Namkunda alikuwa amekaa kwenye ngazi za Bunge, viatu pembeni. Nyuma ya sauti ya shangazi alisikia vigelegele vya wanawake, na mbali kidogo, mtu akipiga bati.

"Zimezimika, Namkunda! Zote! Zimeinamisha vichwa. Watoto wanazipanda kama mbuzi juu ya kichuguu."

"Msiziguse sana, shangazi."

"Sikiliza. Mimi miguu imekwisha, mwaka huu sitauweza ule mteremko. Njoo Jumamosi. Nitabebwa mpaka chini, nikukabidhi kibuyu chako, nipumzike."

Namkunda aliinua macho. Kutoka pale alipokaa aliweza kukiona chumba cha nakala-nuru ng'ambo ya barabara, mlango wa kioo, foleni ya wanafunzi wakisubiri kuingia katika msitu wa nuru.

"Sitaweza kuja, shangazi."

"Jumamosi ijayo, basi."

"Hata hiyo. Nikija mle, zile mashine zitaamka. Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi ndiye nisiyetakiwa kufika." Akavuta viatu vyake karibu. "Mpe kibuyu binti wa baba mdogo. Mwambie nimesema mimi."

Shangazi akawaamuru wanawake wapunguze vigelegele. Ni mwanamke aliyezoea kusikia jambo mpaka mwisho.

"Siku ile ya kamati," Namkunda akasema, "ulisema sisi msitu hatuufanyi kitu. Ulisema tunauacha."

"Nilisema."

"Basi nimeuacha, shangazi."

Upepo wa milimani ulisikika kwenye simu, na majani ndani ya upepo. Shangazi Nanzia akamuuliza kama amekula chochote tangu asubuhi.