Mkono wa Kushoto wa Graciella

Saa kumi na moja jioni, Desemba, giza la majira ya baridi limeshaingia. Nilipanda metro, treni ya chini ya ardhi, kwenda mtaa wa Anderlecht, ubao nimeufunga ndani ya foronya. Macho yaliniwaka. Wiki tatu nilikuwa nachora baada ya kazi ya usafi, mtoto akishalala.

Maman Sidonie alikuwa amempoteza binti yake, Graciella, wa miaka mitano. Aliomba nimchore kwa penseli, pamoja na mikono. Nilipaka ubao chokaa na gundi, nikausugua kwa msasa hadi ukawa laini kama sahani. Lakini picha aliyonipa iliishia mabegani. Mkono wa kulia niliuficha nyuma ya gauni. Wa kushoto ulinishinda. Binti yangu Mignonne alikuwa amelala karibu, kiganja cha kushoto kimefunguka juu ya shuka.

Nikakichora kile.

Maman Sidonie alifungua foronya, hakulia. Nyumba ilinuka mshumaa uliozimwa. Alipitisha kidole juu ya ubao, polepole...

"Huu mukono ni ya moto," alinong'ona. "Uliutosha wapi, kwa mtoto gani?"

Nilisema nimebuni tu. Akanishukuru, akaniambia nikapumzike.

Siku ya tatu Mignonne alianza kudondosha kijiko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa baridi. Daktari alisema damu inapita vizuri, nimvalishe glavu. Nikamvua glavu, nikauosha mkono.

Maji yaligeuka kijivu, rangi ya penseli.

Jumapili nilirudi Anderlecht na kifutio mfukoni. Nilimwambia Maman Sidonie ukweli wote, nikiangalia viatu vyangu. Nikamwomba aniache nifute ule mkono.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, kama mimi.

"Bon, futa," alisema. "Lakini leo asubuhi Graciella alinishika na huo mukono, maman Mignonne. Donc, basi ukifuta... utafuta ya nani?"

Nilisogea na kifutio. Vidole nilivyovichora vikiwa wazi vilikuwa vimekunjika, kama vimeshika kitu.

Sikufuta.

Ni miaka miwili sasa. Tukitembea, namshika Mignonne mkono wa kulia. Wa kushoto anauacha umenyooka pembeni, hewani, kama wa mtoto anayeongozwa na mtu. Wapita njia wanafikiri anacheza. Jana, tukingoja kuvuka barabara, alinivuta koti.

"Maman, mwambie asinivute."