Vifuniko Vitatu vya Dawa

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, fundi alipita kwanza nyuma ya nyumba kuziangalia nyanya zake. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, hatua sita kwa nne, kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amesema hazitaota. Ziliota, zikazaa, na fundi akawa anamtania kila anaporudi safari.

Wiki moja majani yakaanza kujikunja. Fundi aligeuza jani moja. Upande wa chini kulikuwa na vidukari, wadudu wadogo wa kijani, wamebanana hata jani halionekani.

"Usihangaike, shemeji," alisema mdogo wa mume wake, aliyefanya kazi kwenye shamba kubwa la maua. Siku ya pili alileta dawa kwenye chupa ya soda. "Kifuniko kimoja kwa lita ya maji. Wataisha wote."

"Mbona haina maandishi?"

"Nimeimimina kutoka kwenye dumu. Wewe pulizia tu."

Asubuhi yake fundi aliwatazama wale wadudu. Kifuniko kimoja kwa jeshi lote hili? Akatia vitatu. Akapulizia mimea yote, akanawa mikono, akaingia ndani kushona sare za shule.

Binti yake wa miaka mitano alikuwa akicheza nje. Walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Cherehani ilinguruma, sare zikapangwa. Ghafla fundi akasimamisha gurudumu kwa mkono. Kasuku hasikiki.

Akatoka mbio.

Mtoto alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Mate yalimtiririka kidevuni, jasho limemlowesha, gauni limejaa mbegu za nyanya.

"Mama, tumbo."

"Umekula nyanya ngapi?"

Kasuku alionyesha vidole viwili, kisha akatapika.

Fundi alipiga ukelele. Kilichofuata hakukikumbuka vizuri, ila mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia jirani yao, mtunza bustani wa shule. Watu walimwita Mama Miche. Alikuta harufu ya dawa imetanda uani, na fundi ameshaingiza kidole kinywani mwa mtoto.

"Toa kidole! Usimtapishe kwa nguvu, wala usimpe maziwa. Mvue gauni, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, upesi. Dawa iko wapi? Tunaenda nayo."

Kwenye kituo cha afya, daktari alimfunua Kasuku macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. Aliinua ile chupa.

"Hii inaniambia ni soda. Ni dawa gani?"

"Sijui, daktari."

"Ulichanganya kiasi gani?"

Ingekuwa rahisi kusema kimoja. Nani angejua?

"Vitatu," alisema. "Niliambiwa kimoja. Mimi nikatia vitatu."

Daktari hakumgombeza. "Umemsaidia kwa kusema kweli. Mpigie aliyekupa, asome jina lililo kwenye dumu. Sasa hivi."

Shemeji alilisoma jina kwenye simu, fundi akamtajia daktari. Wakamchukua Kasuku ndani. Fundi akabaki kwenye benchi, viatu vya mtoto mapajani. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuza shingo. Muuguzi mmoja alipita akikimbia, fundi akasimama, kumbe anakimbilia kitanda kingine. Mama Miche alimshika mkono tu. Kuna wakati pole haina nafasi.

Alasiri ndipo walipomwita. Kasuku alikuwa amelala, mpira wa dripu mkononi. Alifumbua macho.

"Mama, yule daktari kwa nini anavaa kamba masikioni?"

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja.

Baada ya siku mbili walirudi nyumbani, lakini hofu walirudi nayo. Fundi aliufunga mlango wa uani kwa kufuli. Nyanya za sokoni aliziosha mara nne, kisha akashindwa kuzipika. Usiku aliamka kusikiliza kama mtoto anapumua.

"Nitamwaga zege uwanja wote," alimwambia Mama Miche.

"Unaogopa udongo?"

"Naogopa mikono yangu."

Mama Miche alivuta kigoda. "Kuogopa si vibaya. Mwoga ndiye anayesoma maandishi kabla ya kumimina. Fungua hilo kufuli."

Walivaa glavu wakang'oa ile mimea yote. Hawakuwapa kuku, wala hawakuichanganya na mbolea. Shemeji, aliyekuwa hathubutu kumtazama mtu usoni, aliirudisha dawa kwa msimamizi wa stoo ya shamba lao, isimwagwe kwenye mtaro.

"Msimu huu kwenye udongo huu hatupandi cha kula," alisema Mama Miche. "Tutaanza na magunia manne upande ule wenye jua. Anayeanza aanze kidogo."

Walijaza udongo safi na mboji kutoka shuleni. Mboji ni mbolea ya majani makavu na maganda ya jikoni yaliyooza vizuri. Mama Miche alimwonyesha namna ya kutengeneza yake: tabaka la majani, tabaka la maganda, bila nyama wala mafuta, maji kiasi cha kulowa kama nguo iliyokamuliwa, kugeuza kila wiki, na kungoja miezi kama mitatu, mpaka itoe harufu kama ya udongo baada ya mvua. Wakasia mchicha, wakapanda vitunguu katikati, wakafunika udongo kwa nyasi kavu.

"Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Ukikuta unyevu, acha. Na kila asubuhi geuza majani."

Wiki ya tatu fundi aligeuza jani. Vidukari. Akamwita Mama Miche kwa sauti ya msiba.

"Wangapi?"

"Kumi hivi."

"Basi wafikiche kwa vidole. Wakizidi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji. Jaribu jani moja kwanza, kisha pulizia chini ya majani jioni. Na huyu mdudu mwekundu mwenye madoa meusi usimguse. Anawala hao."

Fundi alifanya hivyo. Akangoja, roho juu. Siku ya nne majani yakanyooka.

Siku ya kuchuma, aliosha mchicha kwa maji safi, akaupika, akampakulia Kasuku. Mtoto akala huku akisimulia habari za paka wa jirani. Fundi alikuwa akizitazama mboni zake.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu unavyokula."

"Na wewe kula, mchicha utapoa."

Fundi akavuta sahani, akala.