Kipande cha Mkate Mfukoni

Kilichotutoa nje jioni ile ni maziwa. Tulikuwa tumefika kwenye nyumba ya kupanga tangu saa kumi, Concepta amewasha moto, birika linachemka, ndipo tukagundua kwamba hakuna aliyekumbuka maziwa. Chai ya Concepta bila maziwa hainyweki. Kwa hiyo mimi na Dervla tukavaa makoti, tukamwacha akichochea moto.

Laiti ningeinywa nyeusi.

Tulikuwa watatu, na tulikuwa likizoni. Miaka thelathini na moja tulishonea kiwanda kimoja cha mashati pale Mullingar, meza moja: Concepta kola, Dervla mikono, mimi vifungo. Kiwanda kilipofungwa tuliahidiana kwamba kabla magoti hayajatuangusha tutaizunguka Ayalandi yetu polepole, bila kukimbizwa na kengele. Tulianzia Galway, tukapanda kaskazini na gari la Concepta, tukisimama kila palipouzwa keki. Siku ya tano tukaingia jimbo la Mayo, kwenye bonde la Glenamurra, mvua ya rasharasha, kondoo wamelala barabarani wala hawajali honi.

Mayo ndiko alikozaliwa bibi yangu, aliyenilea. Bibi hakunitoa nje hata siku moja bila kipande cha mkate wa magadi mfukoni. Sababu alinieleza mara moja tu, akikanda unga, bila kunitazama. Wakati wa Njaa Kuu, viazi vilipoozea ardhini, watu walidondoka njiani wakiwa na midomo ya kijani kwa kula majani. Pale walipodondokea huota nyasi zenye njaa. Huwezi kuzitofautisha na nyasi nyingine, ila ukizikanyaga, njaa ya aliyekufa pale inakuingia wewe. Dawa ni kula kitu papo hapo.

"Hata chembe, Attracta," alisema. "Chembe moja inatosha. Na ukiwa na mwenzako, unamgawia yeye kwanza."

Nimezeeka na mkate mfukoni. Na Dervla amenicheka kwa huo mkate tangu wiki ya kwanza kiwandani. Alinipa jina, Bibi Makombo. Alijua kuniigiza: mgongo uliopinda, mkono unaopapasa mfukoni, sauti ya kutetemeka. Kila mwaka aliongeza kidogo. Mchana wa siku ile ile, kwenye mgahawa mmoja Westport, aliigiza mbele ya watu tusiowajua hata mmoja, na meza nne zikacheka. Mhudumu alilazimika kuweka sinia chini. Nami nilicheka pia. Ningefanya nini? Nilicheka hadi supu ikapoa, na moyoni nilikuwa nimeshikwa na hasira ambayo sikujua kama ni yangu.

Jioni, tukiwa mlangoni kwenda kununua maziwa, nilimpa kipande.

"Chukua. Huku ndiko kwenyewe."

"Lo! Bibi Makombo kaanza." Alikipokea kwa vidole viwili, akatembea nacho hadi getini, akamtupia mbwa wa jirani. "Haya, na wewe usije ukafa njaa, baba."

Mbwa alikimeza bila kutafuna. Nilibaki na kimoja, changu.

Dukani alikuwepo mzee mmoja anaitwa Festus, kofia hadi kwenye nyusi, trekta lake limeegeshwa nje. Alituuzia chupa ya maziwa na kutuuliza tumekujaje.

"Kwa miguu, kwa barabara," nikasema. "Kama nusu saa."

"Tunarudi kwa kukata pale mlimani," Dervla akadakia. "Nimeona njia."

"Rudini kwa barabara, akina mama. Msikate kwenye matuta."

"Kwani kuna nini kwenye matuta, Festus? Mizimu?"

"Kuna matope," alisema, akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Tulikata kwenye matuta. Sikumzuia. Naweza kusema kwamba Dervla hazuiliki, na ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka achafue vile viatu vyake vipya.

Yale ni matuta ya viazi vya zamani. Yanapanda mlima mzima hadi juu, yamefunikwa na nyasi, na hakuna aliyeyalima tangu waliolima walipokwisha. Katikati kuna nyumba isiyo na paa. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu. Dervla alitangulia na chupa ya maziwa, akisimulia habari za mkwe wake.

Nikasikia harufu.

Tamu... halafu mbovu. Harufu ya viazi vilivyooza kwenye gunia. Kondoo waliokuwa wakilia bondeni walinyamaza wote kwa mpigo.

"...nikamwambia, mwanangu, ukitaka kuniletea huyo mwanamke Krismasi, basi..."

Dervla alinyamaza katikati ya neno.

Chupa ilimtoka mkononi. Ikagonga jiwe, kifuniko kikafyatuka, na maziwa yakatoka yakigugumia. Nilikuwa hatua nne tu nyuma yake. Nilipofika, nyasi zilikuwa kavu. Hakukuwa na tone jeupe hata moja.

Kisha ikanishika na mimi.

Sijui niieleze vipi. Si njaa ya kuchelewa chakula. Ilikuwa imeanzia magotini. Ikapanda ikikausha kila ilichokipita, mapaja, tumbo, mikono, hadi meno yakaniuma kwa kutaka kitu. Dervla alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja hakukuwa na utani usoni mwake.

"Attracta..." Ilikuwa pumzi tu. "Mkate."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari. Nilikishika. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kingegawanyika mara ishirini.

Ndipo nikamwona yule wa ukutani.

Alikuwa ameegemea ukuta wa ile nyumba isiyo na paa, amekaa chini, miguu mitupu mbele yake. Mwanamke. Shali kichwani. Nilidhani ni kivuli hadi aliposogeza midomo. Midomo ilikuwa ya kijani.

"Mgawie," alinong'ona.

Dervla hakumsikia. Au alisikia, sijui. Alikuwa amenyoosha mkono.

Ningeweza kusema ni njaa iliyonishika. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na huenda ni kweli. Lakini nakumbuka vizuri nilichokifikiria pale. Nilifikiria zile meza nne za Westport.

"Umekwisha," nikamwambia. "Ulimpa mbwa."

Nikamgeuzia mgongo, nikala.

Nilikula chote. Nilikitafuna taratibu, kwa sababu mkate wa magadi ukikauka hautafuniki haraka. Nguvu zilirudi kwa tonge la kwanza, sikuhitaji la pili, na bado nikaendelea. Nyuma yangu nilisikia nyasi zikichanwa.

Yule mwanamke hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Na kwangu walisema hivyo hivyo," alinong'ona. "Nikasikia wanatafuna."

Nilikimbia. Nilishuka hadi dukani nikipiga mayowe, na mzee Festus hakuniuliza swali hata moja. Alichukua pakiti ya biskuti, akawasha trekta. Tulimkuta Dervla amelala kifudifudi, ngumi zimejaa nyasi, midomo ya kijani. Ukutani hapakuwa na mtu. Festus alivunja biskuti, akamtia chembe kwenye ulimi. Dervla akavuta pumzi, akafungua macho.

"Heri angewahiwa mapema," mzee alisema polepole. "Ikikaa sana ndani, haitoki yote."

Kisha akanitazama. Akanyoosha mkono na kunikung'uta makombo kwenye kifua cha koti langu, kwa nyuma ya kiganja.

Jioni ile Dervla alikula viazi vyote, soseji zote na siagi kwa kijiko. Concepta alicheka hadi akatoa machozi.

"Hewa ya Mayo hiyo! Tukimfikisha Sligo atatula na sisi."

Tuliendelea na safari siku tatu zaidi. Picha zipo. Kwenye kila picha Dervla anatafuna, na kwenye kila picha koti lake la buluu, alilonunua kwa ajili ya safari, linazidi kumpwaya. Hadi Krismasi alikuwa amebaki mifupa. Madaktari walipata jina refu la ugonjwa wa utumbo, wakamwonyesha mwanawe kwenye karatasi. Labda ndio huo. Mimi si daktari.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho wakati wa Kwaresima. Aliniomba nimwokee mkate wa bibi. Nilimpelekea mzima, akaula wote mbele yangu, hadi makombo ya kwenye shuka akayaokota kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Mtamu," alisema. "Nilikucheka bure miaka yote hiyo, shoga yangu. Unisamehe."

Nilimnyooshea shuka.

"Siku ile," akasema, "kule kwenye matuta. Nilisikia mtu anatafuna."

"Ni kondoo," nikasema.



"Kondoo," akarudia, kama mtu anayemfunika mwenzake blanketi.

Alikufa Alhamisi kabla ya Pasaka. Nilibeba jeneza lake pamoja na wanawe na Concepta. Lilikuwa jepesi kuliko gunia la unga.

Kiangazi kilipita. Mwezi wa tisa niliona nyasi zimeota kwenye ufa wa kizingiti changu cha nyuma, kwenye saruji. Nilizing'oa. Kesho yake zilikuwepo. Nikamwaga maji ya moto, nikamwaga chumvi. Nikazoea kuziruka. Kila mtu aliyekuja kwangu nilimpitisha mlango wa mbele.

Lakini Concepta hajawahi kutumia mlango wa mbele wa mtu. Alikuja jioni moja mwezi wa kumi, mwaka umetimia tangu safari, na keki kwenye gari ambayo alipanga kuichukua baadaye. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akikata kona. Nilipiga kelele azunguke. Alinipungia mkono akicheka, akapanda kizingiti.

Cheko likamfia usoni.

Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Harufu ile... tamu, halafu mbovu... ikaingia jikoni kwangu.

"Attracta," alinong'ona. "Una chochote?"

Safari hii sikufikiria kitu. Nilivunja chembe kutoka mfukoni, nikamtia mdomoni kwa mkono wangu. Moja, ndogo kama kucha. Akaimeza. Rangi ikamrudi. Akasimama wima, jasho linamtoka, akanishukuru, akaniita malaika, akakaa kwenye kiti. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimelipa.

Kisha akakiangalia kipande kilichobaki mkononi mwangu.

"Ni chembe ile tu?"

"Hata chembe inatosha."

"Na unacho mfukoni siku zote."

"Siku zote."

Concepta alikuwa akikumbuka. Nilimwona akikumbuka.

"Dervla aliniambia," akasema taratibu. "Kule hospitali. Alisema ulimwambia umekwisha, ukamgeuzia mgongo, akakusikia unatafuna. Nilimgombeza, Attracta. Mtu anakufa, nikamgombeza. Nikamwambia, wewe mwongo, Attracta hawezi."

"Concepta, njaa ile..."

"Nimeijua sasa hivi hiyo njaa," alisema. "Na bado ningempa."

Alitoka kwa mlango wa mbele. Ile keki niliiona kwenye kiti cha nyuma gari lilipogeuka. Hajarudi, wala simu yangu hapokei.

Sasa nina wageni wengine. Huja mwanga ukiwa wa kijivu, wanasimama kwenye ukuta wa bustani. Wa kwanza hana viatu. Wa pili amevaa koti la buluu. Nimewawekea mkate, siagi, viazi vya moto, maziwa. Asubuhi vyote vipo, hata kunguru hawagusi.

Jana nilifungua mlango, nikashuka na sahani, nikamwomba Dervla ale. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa. Aliniangalia, akacheka kile kicheko chake cha Westport.

"Umekwisha, Bibi Makombo," akanong'ona.

Akanigeuzia mgongo. Nikamsikia anatafuna.

Tangu jana nakula, na sishibi.