Mstari wa 388

Siku ya tatu baada ya Pasaka, saa sita mchana, kompyuta mpya ya hospitali ilianza kunuka tope la ziwa.

Keziya alidhani ni uchovu. Tangu Pasaka ya mwaka tisini na tisa alikuwa hapo Matema, kando ya ziwa, akihamishia Linux, mfumo wa kompyuta mpya, programu ya daftari la wagonjwa kutoka mashine ya zamani, ambayo ilikuwa imeanza kupoteza majina. Andongwisye, aliyeiandika programu hiyo kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Kompaila, inayogeuza maandishi ya programu yaeleweke na mashine, ilikuwa imeikataa kwa makosa mia na arobaini. Keziya alisahihisha moja moja mpaka macho yakamwasha. Likabaki moja.

"Mstari wa 388," alimwambia nesi Ikupa. "Inasema haijui neno 'nipo'. Lakini faili lina mistari 380 tu."

Ikupa alishusha sauti. "Dada, Andongwisye alikuwa akiitika hivyo ukimwita."

Keziya alinakili programu upya, akaandika upya ukurasa wa mwisho kwa mkono wake, na kila alipojaribu tena ile harufu ilizidi, maji yakasikika yakidondoka ndani ya mashine iliyokuwa kavu, na kosa likarudi palepale, mstari uleule, neno lilelile.

Wakamwita mchungaji Anyelwisye. Aliweka kiganja juu ya mashine, akasali kwa Kinyakyusa mpaka jasho likamtoka. Harufu ikakatika. Keziya akajaribu tena: hakuna kosa.

"Ndaga fijo, Mchungaji," alishukuru, akalaza kichwa mezani.

Mtoto wa kwanza kuandikishwa alikuwa Tuntufye, wa miaka mitatu, aliyeletwa kupimwa uzito. Ikupa alipomaliza jina, nafasi ya tarehe ya kufariki ilijijaza. Tarehe ya leo.

"Futa," alinong'ona Keziya.

"Nimefuta mara mbili. Inarudi."

"Kuna nini, nesi?" aliuliza mama wa mtoto.

Ikupa alimbeba mtoto mgongoni, akashinda naye hivyo kutwa nzima, asimwache hata kusogelea ndoo ya maji. Kulipokucha Tuntufye alikuwa mzima, anadai uji.

Ikupa alikwenda kufungua kompyuta, akatafuta jina la Tuntufye.

"Imefutika?" Keziya aliuliza.

"Hapana. Imesogea. Sasa inasema leo."

Akafunga khanga kiunoni, akatoka kumchukua mtoto.